JUA, VITAMINI D, NA MISHIPA YA DAMU YA MWENYE KISUKARI

Kuna swali liulizwalo sana siku hizi katika nyumba zilizo na mgonjwa wa kisukari. Mgonjwa huenda kwa daktari akapimwa damu, akaambiwa ya kuwa sukari imezidi, na ya kuwa mishipa yake ya damu imeanza kuharibika. Kisha jirani humwambia, au yeye mwenyewe husoma mahali fulani, kwamba watu wenye maradhi hayo wamepungukiwa na vitamini D, na kwamba akiinunua katika chupa na kuimeza kila siku mishipa yake itapona. Chupa ile yauzwa kwa bei si haba. Nazo nyumba nyingi hazina fedha za kununua vyote viwili, chupa ile pamoja na dawa alizoagiza daktari. Basi baba na mama huketi jioni wakihesabu fedha mezani, washike kipi na kuacha kipi.

Kwa ajili ya hesabu hiyo twaona ni vema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo. Waalimu nao huulizwa habari hizi na wazazi, maana mwalimu huhesabiwa kuwa ajua kila kitu, hata mambo ya hospitali, nao hufadhaika wasijue la kujibu.

Kwanza yatupasa kujua kisukari chafanya nini ndani ya mwili. Chakula tulacho, ugali, wali, muhogo, ndizi, hugeuka kuwa sukari, nayo sukari hiyo huchukuliwa na damu kupelekwa kila kiungo iwe nguvu yake. Ili iingie katika kiungo yahitaji kitu kiitwacho insulini, kitokacho katika kongosho, nayo kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula. Insulini ni kama mtu wa kufungua mlango. Kwa watoto wengi wenye kisukari insulini haitoki kabisa, au yatoka kidogo mno. Kwa watu wazima wengi yatoka, lakini mwili umekuwa kama mtu mzito wa masikio, haimsikii abishaye hodi. Hapo sukari hubaki katika damu, ikizunguka usiku na mchana.

Sukari hiyo izungukayo ndiyo iharibuyo mishipa. Ndani ya kila mshipa mna utando mwembamba sana, laini, ambao kazi yake ni kuiacha damu ipite pasipo kukwama. Utando ule ukikaa miaka mingi katika damu yenye sukari nyingi hupoteza ulaini wake. Mishipa midogo huvuja au huziba, na midogo kupita yote imo machoni, katika figo, na penye neva za miguu. Ndiyo sababu mwenye kisukari huweza kupofuka, kuharibikiwa na figo, au kufa ganzi nyayo zake. Mishipa mikubwa nayo hushikwa na mafuta ukutani, njia ikawa nyembamba. Ikiziba ya moyo, mtu hupatwa na shtuko la moyo. Ikiziba ya ubongo, hupatwa na kiharusi. Ikiziba ya mguu, kidonda kidogo cha kidole hakiponi, na mwisho mguu hukatwa. Hatari ya mwenye kisukari kupatwa na maradhi ya moyo au kiharusi ni kama mara 2 ya mtu asiye nacho.

Tena liko jambo jingine, ambalo ni lazima kulitaja hapa kwa kuwa litatufaa mbele. Katika mwaka wa 1903 mganga mmoja Mjerumani, Johann Georg Mönckeberg, alieleza habari za mishipa iliyoingiwa na chokaa katika tabaka ya katikati ya ukuta wake, hata ikawa migumu kama vijiti. Mishipa ya namna hiyo huonekana sana katika miguu ya wenye kisukari. Chokaa hiyo ni kalsiamu, ile ile iliyomo katika mifupa na meno. Mahali pake ni mfupani; imepotea njia ikaingia mshipani. Nayo vitamini D ndiyo iliyo kama msimamizi wa kalsiamu katika mwili. Basi msomaji ataona mara moja kwa nini wataalamu waliitazama sana vitamini hiyo walipotafuta sababu ya mishipa kuharibika.

Lakini vitamini D yenyewe ni nini, nayo ilijulikanaje? Habari zake ni nzuri, na mwanzo wake umo katika kazi ya misheni. Bwana Theobald Palm alikuwa daktari mmisionari, aliyetumwa Japani na chama cha misheni ya uganga cha Edinburgh, akafanya kazi katika mji wa Niigata kwa muda wa miaka mingi. Aliporudi Uingereza alistaajabu kuona watoto wengi wenye matege, mifupa yao imelegea na miguu imepinda kama upinde, ugonjwa ambao huko Japani hakuuona. Akaanza kuwaandikia wamisionari wenziwe waliokuwa katika nchi nyingine, hasa za Mashariki, kuwauliza kama wauona ugonjwa huo kwao. Majibu yao yalipatana. Katika nchi zenye jua matege yalikuwa haba, ijapokuwa watu wengine walikuwa maskini mno na chakula chao kidogo. Bali katika miji ya Uingereza, yenye moshi wa viwanda na vichochoro visivyofikiwa na mwanga, yalikuwa mengi. Mwaka wa 1890 alichapisha habari hizo, akasema kwamba sababu ni kukosa jua, na kwamba watoto watolewe nje waotwe na jua kama dawa. Watu wa wakati ule hawakumsikiliza sana.

Miaka ikapita. Mwaka wa 1919 huko Berlin daktari Kurt Huldschinsky aliwatia watoto wenye matege katika mwanga wa taa ya namna ya pekee, inayotoa miali kama ile ya jua isiyoonekana kwa macho, wakapona. Na jambo la ajabu, alipomulika mkono mmoja tu wa mtoto, mifupa ya mkono wa pili ilipona pia. Kwa hiyo ikajulikana ya kuwa mwanga ulikuwa umefanya kitu katika ngozi, kikaingia katika damu na kuenea mwilini. Wakati huo huo huko London Bwana Edward Mellanby alikuwa akiwalisha watoto wa mbwa uji wa shayiri, huku wamefungiwa ndani, wakapata matege. Akawapa mafuta ya ini la samaki wa bahari za baridi, wasipate. Ndipo mwaka wa 1922 Bwana Elmer McCollum wa Baltimore, katika Marekani, alipokitenga kile kitu kilichomo katika mafuta yale na kile cha vitamini A, na kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumika, akakiita D.

Kwa kweli jina la vitamini halikistahili sana kitu hiki, maana vitamini ni kile ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, nacho mwili hujitengenezea. Jua likipiga ngozi, mafuta yaliyomo ndani ya ngozi hugeuka. Damu huyachukua hadi katika ini, ambapo hugeuzwa mara ya pili. Kisha yaenda katika figo, yageuzwe mara ya tatu, na hapo ndipo yanapopata nguvu ya kufanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kupokea kalsiamu kutoka katika chakula. Chakula nacho chaweza kuleta vitamini hii, lakini vyakula vyenye nayo ni vichache: samaki wenye mafuta, kiini cha yai, mafuta ya ini la samaki, na vichache vingine. Msomaji azikumbuke zile hatua tatu, ngozi, ini, figo, maana tutazirudia.

Sasa twaja katika shina la maneno. Kwa muda wa miaka mingi madaktari wa nchi nyingi walipima vitamini D katika damu ya wagonjwa, wakaona mara nyingi ya kwamba wenye kisukari wana kiasi kidogo kuliko wengine, na katika hao, wale ambao mishipa yao imeharibika wana kidogo zaidi. Mwaka wa 2008 ilitangazwa habari ya watu 1739 wa ukoo wa wale waliochunguzwa katika mji wa Framingham, Marekani: walipofuatwa kwa miaka kadhaa, wale wenye vitamini D kidogo walipatwa na maradhi ya moyo na mishipa kuliko wenzao. Tena wataalamu walikwisha kuona kwamba chembe za ukuta wa mshipa, na chembe za kongosho zitoazo insulini, zina mahali pa kupokelea vitamini D. Mambo haya yote yalielekea upande mmoja. Si ajabu basi kwamba wengi walianza kusema, Mpe mgonjwa vitamini D, na mishipa yake itapona. Na wenye kuuza chupa hawakuchelewa.

Walakini kuona vitu viwili pamoja si kuona ya kuwa kimoja ni baba wa kingine. Jogoo huwika na kumekucha, lakini mtu akimchinja jogoo leo, kesho kutakucha vile vile. Hebu tufikiri jinsi upungufu wa vitamini D uwezavyo kuwa mtoto wa ugonjwa badala ya kuwa mzazi wake. Mtu ambaye mishipa ya miguu yake imeziba huumwa akienda hatua chache, kwa hiyo hukaa ndani, na jua halimfikii. Mtu mnene, na wengi wenye kisukari cha ukubwani ni wanene, huwa na vitamini D iliyojificha katika mafuta ya mwili, isionekane sana katika damu. Na yule ambaye kisukari kimemharibia figo hukosa hatua ile ya tatu tuliyoitaja, kwa kuwa figo zake hazigeuzi tena kama ilivyo desturi. Katika haya yote ugonjwa umetangulia, upungufu umefuata nyuma. Mkulima akiona majani ya mhindi yamegeuka manjano kwa sababu funza amekula mizizi, hata akiyapaka rangi ya kijani hataupata mhindi wake.

Je, wajuaje basi ni lipi kati ya hayo lililo kweli? Njia ni moja tu iliyo ya kuaminika, nayo ni kupiga kura. Hukusanywa watu wengi sana, kisha kwa kura, pasipo upendeleo, nusu yao hupewa kidonge cha vitamini, na nusu hupewa kidonge kilichofanana nacho kwa sura lakini kitupu. Wala mgonjwa wala daktari wake hajui ni kipi, hata mwisho. Kura hufanya pande zote mbili zilingane, wanene kwa wembamba, wazee kwa vijana, wenye jua na wasio na jua. Na tofauti itakayoonekana baadaye imetoka katika kidonge, haikutoka kwingine. Wasomaji wetu wajua kura ni nini, kwa kuwa Mitume nao waliitumia walipomtafuta wa kumi na mbili.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanywa Marekani, likiongozwa kutoka Boston na daktari mwanamke, Bibi JoAnn Manson. Watu 25,871 walikubali kuingia, wanaume wa miaka 50 na zaidi, na wanawake wa miaka 55 na zaidi; zaidi ya 5000 kati yao walikuwa watu weusi, na baadhi ya watu hao wote walikuwa na kisukari tayari. Nusu walimeza yuniti 2000 za vitamini D kila siku, kwa muda wa miaka 5 na kitu. Habari zilitangazwa mwezi wa Novemba mwaka wa 2018. Katika upande wa vitamini, watu 396 walipatwa na shtuko la moyo, au kiharusi, au kufa kwa maradhi hayo. Katika upande wa kidonge kitupu, watu 409. Katika watu wengi kiasi kile, tofauti ya 13 si kitu. Yaweza kutokea kwa bahati, kama mtu arushaye sarafu mara nyingi asipate pande mbili sawasawa.

Huko New Zealand watu wapatao 5100 walipewa kipimo kikubwa mara moja kwa mwezi, yuniti 100,000, na mwaka wa 2017 ikaonekana kwamba walioharibikiwa na moyo na mishipa walikuwa karibu sawa pande zote: katika kila 100, watu 11 na kitu huku, na 11 na kitu kule. Huko Australia walijaribu watu zaidi ya 21,000 wa miaka 60 na zaidi, na habari zake zilitoka mwaka wa 2023. Hapo upande wa vitamini ulionekana kuwa bora kidogo, watu 60 katika kila 1000 badala ya 66, lakini hesabu haikuweza kusema kwa yakini ya kuwa si bahati. Twalitaja ili msomaji asidhani twamficha neno.

Na je, yaweza kumzuia mtu asiingie katika kisukari? Hili nalo limejaribiwa. Watu 2423 wa Marekani, ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kiasi cha kuitwa kisukari, walipigiwa kura. Nusu wakameza yuniti 4000 kila siku. Mwaka wa 2019 ikatangazwa ya kwamba baada ya miaka 2 na nusu, upande wa vitamini walikuwa wameingia katika kisukari watu 293, na upande wa pili 323. Tofauti ndogo, na hesabu yake haikusimama imara. Wataalamu wakaunganisha jaribio hilo na mengine mawili, wakaona ya kwamba huenda upo msaada mdogo kwa watu wa namna hiyo; na mwaka wa 2024 chama kimoja cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba wenye sukari iliyopanda, walio katika hatari kubwa, waweza kupewa. Ni ushauri kwa ajili ya watu walio mlangoni. Haukutolewa kwa ajili ya yule aliyekwisha kuingia na kuharibikiwa mishipa.

Mtu atasema, Watu hao wa Boston labda walikuwa na vitamini D ya kutosha tangu mwanzo. Mpeni yule aliyepungukiwa kweli kweli, mtaona. Neno hili lina haki yake. Wengi wao kwa kweli hawakuwa na upungufu mkubwa. Na mtu aliyepungukiwa sana apewe, kwa ajili ya mifupa yake, hilo halina ubishi. Lakini kwa mishipa ya damu bado halijaonyeshwa, na mtu hawezi kuacha dawa iliyokwisha kuthibitika kwa ajili ya kitu ambacho bado chatafutiwa ushahidi.

Tena sisi tukaao karibu na mstari wa ikweta yafaa tujiulize kama upungufu wenyewe ni wetu. Mwaka wa 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wale waishio kwa desturi za zamani, nje mchana kutwa. Wakaona kwa wastani nanomoli 115 katika kila lita ya damu. Halmashauri ya wataalamu wa Marekani ilikuwa imesema mwaka wa 2010 kwamba nanomoli 50 zatosha kwa mifupa ya watu karibu wote. Basi mchungaji wa ng'ombe ana zaidi ya mara 2 ya kile kinachohitajiwa, wala hakununua chupa. Walio katika hatari ya kupungukiwa ni wengine: karani akaaye ofisini tangu asubuhi hata jioni, mgonjwa asiyetoka kitandani, mzee afungiwaye chumbani, mtoto mchanga afunikwaye nguo daima asione jua, mtu avaaye nguo za kumfunika mwili wote, na mwenye ugonjwa wa figo. Kwa wengi katika hao jua la kadiri, mikono na miguu ikiwa wazi, lafaa, na halina bei.

Lakini hapa twasimama kidogo kuonya. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo asiende peku kutafuta jua. Mchanga wa mchana huwaka kama kikaango, naye hasikii. Hurudi nyumbani akaona malengelenge ambayo hakujua yameingia lini, na kidonda cha namna hiyo ndicho kiwezacho kumpotezea mguu. Avae viatu, aketi, jua limfikie mikononi na usoni.

Yako pia madhara ya kumeza vitamini D kupita kiasi, nayo hayasemwi na wauzaji. Baadhi ya vitamini zikizidi hutoka na mkojo, lakini hii hukaa katika mafuta ya mwili ikijilimbikiza. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa katika damu. Mtu huona kiu, hukojoa mara nyingi, hutapika, hukosa hamu ya chakula, akili huchafuka, na figo hupata mawe au huharibika. Tazameni: kiu na kukojoa mara kwa mara ndizo dalili zile zile za sukari iliyopanda! Mgonjwa aweza kudhani kisukari kimezidi, naye ni chupa imemdhuru. Na kwa yule ambaye mishipa yake imekwisha kuingiwa na chokaa, kuijaza damu kalsiamu si jambo la kufanyiwa mchezo.

Sasa turudi kwenye meza ile ya jioni na zile fedha. Kama haitoshi kwa vyote, inunue nini? Hapa twaweza kusema kwa ujasiri, maana majaribio yako, nayo majibu yake hayana mashaka.

La kwanza ni shinikizo la damu. Katika Uingereza wenye kisukari walifuatwa tangu mwaka wa 1977 kwa muda wa miaka 20, na habari zikatangazwa mwaka wa 1998. Wagonjwa 1148 kati yao walikuwa na shinikizo la juu. Wengine walitibiwa kwa bidii, shinikizo likashuka kufika 144 kwa 82. Wengine kwa kadiri, likawa 154 kwa 87. Tofauti ni ndogo kwa kuitazama. Lakini kiharusi kilipungua kwa sehemu 44 katika 100, na vifo vilivyotokana na kisukari vikapungua kwa sehemu 32 katika 100. Dawa za shinikizo nyingi ni za zamani na bei yake ni ndogo. Mara nyingi chupa moja ya vitamini yapita bei ya vidonge hivyo vya mwezi mzima, na hili ndilo linalotusikitisha.

La pili ni sukari yenyewe. Katika jaribio lile lile, waliotibiwa sukari kwa bidii walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, kwa sehemu 25 katika 100. Na kwa mtoto asiye na insulini hapana shauri jingine: kabla ya mwaka wa 1922, ambapo kijana wa kwanza alidungwa insulini huko Toronto, katika Kanada, watoto wa namna hiyo walikufa baada ya muda mfupi. Waalimu walishike sana neno hili. Mtoto wa kisukari akiwa darasani kwako, jua na vitamini na mizizi si badala ya sindano yake, hata kwa siku moja, hata kama mzazi amesikia neno jipya. Wala kusali hakumpasi mtu kuiacha sindano. Luka alikuwa tabibu, na Mtume Paulo hakumwambia aache kazi yake.

La tatu ni dawa za kupunguza mafuta ya damu, ziitwazo statini. Mwaka wa 2004 ilionekana kwa wenye kisukari 2838 wa Uingereza na Ireland kwamba waliopewa mojawapo ya dawa hizo walipatwa na shtuko la moyo, kiharusi na mengine ya namna hiyo pungufu kwa sehemu 37 katika 100. Daktari ataamua nani yampasa.

Tumbaku ndiyo ya nne, na kuiacha kwaleta fedha badala ya kuzitoa. Sigara hukaza mishipa ile ile ambayo sukari imekwisha kuijeruhi. Mwenye kisukari avutaye sigara ana adui wawili katika nyumba moja.

Tena miguu. Kila jioni ioshwe kwa maji ya vuguvugu, na mtu mwingine ayapime maji kwanza kwa kiwiko, maana mguu uliokufa ganzi hausikii moto. Ipanguswe hata katikati ya vidole, kisha itazamwe nyayo kwa taa. Mzee asiyeweza kuinama asitazame peke yake. Mke, mwana au mjukuu amsaidie. Katika nyumba ya Kikristo hakuna aibu kumwosha mwingine miguu. Kikionekana kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, aende hospitali kesho yake asubuhi, asingoje soko lipite.

Wako ambao daktari huwaandikia vitamini D, hasa wenye figo zilizoharibika, ambao hupewa namna ya pekee isiyohitaji kugeuzwa na figo, huku damu yao ikipimwa kalsiamu mara kwa mara. Hao waendelee kama walivyoagizwa, wala makala hii isiwafanye waache. Naye aliyekwisha kununua chupa dukani pasipo kuulizwa hali yake asiitupe kwa hofu, lakini asizidishe kipimo kilichoandikwa. Aichukue chupa yenyewe siku aendapo hospitali, pamoja na dawa zake zote, amwonyeshe daktari, amwulize maneno matatu: figo zangu zikoje, shinikizo langu leo ni kiasi gani, na je, hii naihitaji? Mpaka siku hiyo iwekwe juu, mahali mkono wa mtoto haufiki.